Miguu ya Dunia Juu ya Sayari Nyingine

Katika video zote zilizopigwa Mwezini wakati wa safari za Apollo, ninazozirudia zaidi ni zile za watu kuanguka. Harrison Schmitt wa Apollo 17 anainama kuokota sampuli, anapoteza mizani, anapiga hatua mbili tatu za haraka kuuwahi mwili wake unaokwenda mbele, anashindwa, kisha anashuka chini taratibu mpaka vumbi linatimka. Charles Duke wa Apollo 16, Aprili 1972, anaruka juu mbele ya kamera, na kabla hajashuka begi la mgongoni linamvuta nyuma. Anatua chali, juu ya begi lile lile lililobeba oksijeni yake na mitambo ya kumpoza. Lingepasuka, asingerudi nyumbani. Aliinuka salama, lakini kila nikimtazama akiwa juu, mikono na miguu ikitapatapa, naona jambo ambalo jedwali la namba haliwezi kulionyesha.

Watu hao walikuwa wenye afya, wepesi wa mwili, waliofanya mazoezi kwa miaka. Mwezi ulikuwa ukiwavuta kwa sehemu moja ya sita tu ya nguvu waliyoizoea. Kwa hesabu ya haraka mtu angetarajia watembee kwa raha kuliko walivyowahi kutembea maishani, na haikuwa hivyo. Mvutano tunaulaumu kwa kutulemea, tukasahau kwamba ndio unaotutembeza. Kila hatua ya binadamu ni mapatano kati ya misuli na nguvu moja ambayo haijawahi kubadilika tangu babu zetu wa kale waanze kusimama wima. Ukiibadilisha nguvu hiyo, hata kwa kuipunguza, mapatano yote inabidi yaandikwe upya.

Kwanza, kwa nini sayari hazivuti sawa. Isaac Newton alichapisha kanuni yake mwaka 1687 na kwa kazi hii bado inatosha. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: tungamo ya sayari, yaani wingi wa maada iliyomo, na umbali wako kutoka kitovu chake. Tungamo ikiwa maradufu, mvutano unakuwa maradufu. Umbali ukiwa maradufu, mvutano unashuka hadi robo. Hilo la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloleta mambo ya kushangaza.

Tazama Mirihi na Utaridi. Mirihi ina tungamo karibu mara mbili ya Utaridi, kwa hiyo ungedhani inavuta zaidi sana. Lakini Utaridi ni ndogo na imeshindiliwa: anayesimama juu yake yuko kilomita 2,440 tu kutoka kitovuni, ilhali anayesimama juu ya Mirihi yuko kilomita 3,390. Hesabu zikifanywa, sayari zote mbili zinavuta kwa takriban mita 3.7 kwa sekunde kila sekunde, asilimia 38 ya mvutano wa Dunia. Zohali nayo ina tungamo ya Dunia 95, lakini imetanuka kiasi kwamba kwenye mawingu yake ya juu mvutano haupishani sana na huu tuliouzoea. Uranusi, yenye tungamo ya Dunia zaidi ya 14, inavuta kidogo kuliko Dunia.

Kwa hiyo mtu wa kilo 70, akipanda mizani ile ile ya springi, angesoma chini ya 12 Mwezini, 26 na nusu Mirihi na Utaridi, 63 hivi Zuhura, 80 Neptuni na 177 Mshtarii. Jedwali kama hili limeandikwa mara nyingi sana, na karibu kila mara mazungumzo huishia hapo. Kwangu mimi ndipo yanapoanza. Namba ya mizani haisemi mtu huyo atavukaje chumba, atakataje kona, atasimamaje bila kujigonga ukutani.

Ili kulijibu swali hilo inabidi tuangalie kutembea kwenyewe, jambo tunalolifanya kila siku bila kulitazama. Mguu ulioko chini hubaki karibu umenyooka, na mwili wote hupita juu yake kwa kuchora upinde: unapanda kidogo, unafika kileleni, unashuka upande wa pili. Wataalamu wa mwendo huita hiyo pendulamu iliyopinduliwa. Mwili unapopanda, kasi inapungua na nishati inawekwa akiba katika kimo. Unaposhuka, mvutano unairudisha nishati hiyo katika kasi. Zaidi ya nusu ya nishati ya kila hatua inaweza kurejeshwa hivyo, na ndiyo maana tunaweza kutembea kutwa nzima bila kuishiwa. Mguu wa nyuma nao unabembea kuja mbele kwa msaada mkubwa wa uzito wake wenyewe. Misuli inasukuma, inasahihisha, inazuia, lakini sehemu kubwa ya kazi inafanywa na mvutano.

Upinde huo una sharti lake. Chochote kinachopita kwa njia ya mviringo kinahitaji nguvu ya kukivuta kuelekea katikati, la sivyo kitanyooka na kwenda zake. Kwa mtembeaji, nguvu hiyo ni uzito wake. Akienda kasi kupita kiasi, uzito hautoshi tena kumbakiza kwenye upinde, nyayo zinaachana na ardhi, na hapo tayari anakimbia. Kipimo kinachotumika kinaitwa namba ya Froude, kwa jina la William Froude, mhandisi Mwingereza wa karne ya 19 aliyechunguza mwendo wa meli: unachukua mwendokasi, unauzidisha kwa wenyewe, kisha unagawanya kwa mvutano uliozidishwa kwa urefu wa mguu. R. McNeill Alexander, mtaalamu wa wanyama, alikichukua kipimo hicho cha meli akakitumia kwa viumbe vyenye miguu, na mwaka 1976 akakadiria kwa njia hiyo mwendokasi wa dinosaria kutokana na nyayo walizoacha. Napenda sana hadithi hiyo, kwamba swali la meli lilimfikia dinosaria na kisha likamfikia mwanaanga.

Kwa binadamu, namba hiyo ikifika karibu 0.5 mwili wenyewe huanza kukimbia bila kuamriwa. Ikifika 1, kutembea hakuwezekani kabisa. Mtu mwenye mguu wa sentimita 90 hapa Duniani hubadilika kutoka kutembea kwenda kukimbia kwenye mita 2.1 kwa sekunde hivi, yaani kilomita 7 na nusu kwa saa. Mpeleke mtu huyo huyo Mwezini, ambako mvutano ni mita 1.62 kwa sekunde kila sekunde, na hesabu inasema kikomo hicho kinashuka hadi mita 0.85 kwa sekunde, kama kilomita 3 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu asiye na haraka yoyote. Akitaka kwenda kasi zaidi kidogo tu, ardhi inamwachia.

Haya yalijulikana kabla ya mtu yeyote kufika huko. Mwaka 1964, wanafiziolojia wa Italia Rodolfo Margaria na Giovanni Cavagna walichapisha uchambuzi wa mwendo wa binadamu katika mvutano mdogo, wakieleza kwamba kutembea kungekuwa kwa taratibu mno na kwamba kurukaruka kungekuwa njia bora zaidi. Huko Hampton, Virginia, katika kituo cha Langley cha NASA, wahandisi walijenga mtambo ambao mtu alining'inizwa kwa kamba akiwa amelala ubavu, nyayo zake zikikanyaga ukuta ulioinamishwa. Kwa pembe ya nyuzi 9.5, sehemu ya uzito iliyobaki miguuni ilikuwa moja ya sita kamili. Wanaanga walitembea juu ya ukuta huo, wakakimbia, wakaruka. Ukiutazama mtambo huo leo unaonekana wa ajabu, lakini nauheshimu kuliko vifaa vingi vya kisasa, kwa sababu uliuliza swali lililo sahihi: mwili utafanyaje?

Jibu kamili lilikuja Julai 1969. Buzz Aldrin wa Apollo 11 alipewa kazi ya kujaribu aina za mwendo mbele ya kamera, na ukimsikiliza utasikia mtu anayejifunza upya jambo alilojifunza akiwa na mwaka mmoja. Alieleza kwamba inabidi kufuatilia kwa makini kitovu cha uzito kilipo, kwamba huhitajika hatua mbili au tatu kuhakikisha miguu iko chini ya mwili, na kwamba kubadili mwelekeo kunataka kutupa mguu pembeni na kujisukuma. Alijaribu kuruka kwa miguu yote miwili pamoja kama kangaruu, akaona inawezekana, lakini uthabiti ukawa pungufu kidogo. Watu 12 waliotembea Mwezini kati ya 1969 na 1972 walichagua kila mmoja mwendo wake. Wengine walikimbia kwa mruko mrefu wa kuelea, wengine waliruka mguu mmoja mbele daima, na Schmitt alipenda kuteleza kwa hatua ndefu za chini, kama anayepita thelujini kwa skii. Hakuna aliyewachagulia. Mwili ulitafuta wenyewe njia ya bei nafuu.

Nadharia haikupatia kila kitu, na hapo ndipo panaponivutia zaidi. Ndege zinazoruka kwa njia ya kipeo, zikipanda na kushuka kwa mahesabu, zinaweza kumpa abiria mvutano wa Mwezi kwa sekunde chache kila mzunguko. Watafiti waliweka mashine ya kukimbilia ndani ya ndege kama hiyo wakapima ni wapi watu wanabadilika kutoka kutembea kwenda kukimbia. Jibu lilikuwa takriban mita 1.4 kwa sekunde, mbali juu ya ile 0.85 ya hesabu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mikono na mguu unaobembea huongeza nguvu ya kuushusha mwili, na nguvu hiyo ndogo, ambayo hapa haionekani kabisa, Mwezini inakuwa sehemu kubwa ya bajeti. Mtu anajitengenezea uzito kwa kupunga mikono. Suti za Apollo zilikuwa ngumu viungoni na zilizuia sehemu ya mpungo huo, kwa hiyo tulichokiona kwenye video ni Mwezi na suti kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye kuanguka. Uzito unabadilika kutoka sayari hadi sayari, lakini tungamo haibadiliki hata kidogo. Schmitt na suti yake na begi lake alikuwa zaidi ya kilo 150 za maada, na kilo hizo alikuwa nazo zote pale Mwezini. Kuanza kuzisogeza, kuzisimamisha, kuzigeuza kulihitaji nguvu ile ile ambayo ingehitajika Duniani. Lakini nguvu ya kusimama tunaipata wapi? Kwenye msuguano kati ya nyayo na ardhi, na msuguano hutegemea jinsi unavyokandamizwa chini. Ukivutwa kwa sehemu moja ya sita, msuguano nao ni moja ya sita. Mtu anayehitaji theluthi ya mita kusimama hapa, kule anahitaji mita mbili kwa mwendo ule ule. Miguu inasimama, mwili unaendelea. Ongeza begi zito linalopandisha kitovu cha uzito na kukirudisha nyuma, ongeza vumbi laini linaloteleza, na mianguko yote ile inaeleweka.

Kwa upande mwingine, Mwezi unasamehe. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita moja hufika chini kwa sekunde 0.45 hapa Duniani. Kule inachukua sekunde 1.1. Katika muda huo mtu anaweza kugundua kwamba anaanguka, akaamua la kufanya na kulifanya. Ndiyo sababu wanaanga walianguka mara nyingi na karibu kila mara wakaishia kwa viganja na magoti, kisha wakajisukuma kwa mikono na kusimama tena kwa mkupuo mmoja. David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya wa kozi kwa pamoja tarehe 2 Agosti 1971 kuthibitisha fundisho la Galileo kwamba pasipo hewa vitu vyote huanguka sawa, na vyote vikagusa ardhi sawia. Wengi huitazama video hiyo kwa ajili ya unyoya. Mimi naitazama nyundo, jinsi inavyochelewa, kwa sababu muda ule wa ziada ndio uliowaokoa wenzake.

Kuhusu kuruka kuna dhana moja ninayotaka kuisahihisha. Husemwa kwamba ukiruka mara sita juu zaidi Mwezini utatua kwa ulaini mara sita pia. Hapana. Miguu yako inakurusha kwa mwendokasi fulani, na bila hewa ya kukuzuia utarudi ardhini kwa mwendokasi ule ule ulioondokea. Kinachobadilika ni muda na kimo. John Young, kamanda wa Apollo 16, aliruka mara mbili akiipigia saluti bendera, akiwa amebeba suti nzito kuliko yeye mwenyewe, akafika karibu nusu mita na kubaki juu kwa takriban sekunde moja na nusu kila mara. Katika sekunde moja na nusu mwili ulioanza na kizunguko kidogo tu unapata nafasi ya kuinama sana. Young aliruka wima akatua wima. Duke, siku zile zile, alisukuma kwa pembe kidogo, na pembe ile ikapata muda wa kukua mpaka ikamlaza chali.

Halafu kuna sikio la ndani, ambalo ndilo linalotuambia upande wa juu ni upi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, waliwalaza watu ndani ya mashine ya kuzungusha na kupima ni mvutano kiasi gani unahitajika ili mtu aanze kuutumia kuamua juu na chini. Matokeo yao ya mwaka 2014 yaliweka kizingiti karibu asilimia 15 ya mvutano wa Dunia. Mwezi una asilimia 16 na nusu. Wanaanga wa Apollo walikuwa ukingoni kabisa mwa hisia hiyo, katika mahali pasipo miti wala nyumba za kuwaonyesha wima, juani kupita kiasi, vivuli vyeusi ti.

Mirihi iko mbali na kizingiti hicho, na hili linanipa matumaini. Mtu wa kilo 70 mwenye suti nzito kama za Apollo angesimama pale akihisi uzito wa kilo 59 hivi, chini ya uzito wake wa kawaida hapa akiwa hana mzigo wowote. Lakini rudia hesabu ya Froude na utaona kikwazo: kikomo cha kutembea kinaangukia mita 1.3 kwa sekunde, yaani kilomita 4.6 kwa saa. Huo ndio mwendo wetu wa kawaida kabisa, ule tunaotembea nao bila kufikiri. Ina maana tabia ya maisha yote, kasi ambayo miguu inaichagua yenyewe, Mirihi inakaa juu ya mstari wa mpaka kati ya kutembea na kukimbia. Hata kama mpungo wa mikono utausogeza mpaka huo mbele kidogo, natarajia watu wa kwanza huko watakuwa na mwendo wa mashaka siku za mwanzo, wakiwa wepesi mno kwa kutembea haraka na wazito mno kwa ule mruko wa Mwezini. Na breki zao zitakuwa asilimia 38 ya walizozizoea.

Upande wa mvutano mkubwa nitapita haraka, kwa sababu Mshtarii haina ardhi ya kukanyaga. Zohali, Uranusi na Neptuni vilevile. Hata hivyo tukifikiria sakafu inayoelea mawinguni mwa Mshtarii, tatizo la kwanza halingekuwa misuli. Mtu mwenye nguvu anaweza kubeba uzito wa ziada kwa dakika kadhaa. Tatizo ni damu, ambayo moyo ungelazimika kuipandisha sentimita 30 hadi ubongoni kana kwamba ina uzito wa mara mbili na nusu, kila pigo, usiku na mchana. Tatizo la pili ni kujikwaa. Kule mita moja inaangukwa kwa sekunde 0.28, na binadamu huhitaji karibu sekunde 0.2 ili tu kuanza kuitikia jambo. Ungefika chini mkono ukiwa ndiyo kwanza unaanza kunyooka.

Zuhura inastahili sentensi moja ya huzuni: ina asilimia 91 ya mvutano wetu, mahali pekee katika mfumo wa Jua ambapo mguu wa binadamu ungekanyaga ardhi imara na kujihisi nyumbani, na ardhi hiyo ina joto la zaidi ya nyuzi 460 chini ya hewa inayokandamiza mara 90 kuliko ya hapa.

Walimwengu wadogo, kwa maoni yangu, ndio wanaofundisha zaidi. Deimos, mwezi mdogo wa Mirihi, una mvutano dhaifu kiasi kwamba kitu ukikiachia kwenye kimo cha mita moja kitachukua karibu sekunde 26 kufika chini. Kasi ya kuutoroka kabisa ni takriban mita 5.6 kwa sekunde, kasi ambayo mkimbiaji wa kawaida anaifikia. Mtu anaweza kudhani basi kwamba angekimbia na kuondoka zake angani. Asingeweza, kwa kuwa asingeweza kukimbia. Hatua ya kwanza ingemwinua juu, na kabla ya hatua ya pili angesubiri dakika kadhaa kurudi chini. Kukimbia kunahitaji ardhi inayokurudisha kwake upesi. Tarehe 12 Novemba 2014 kifaa cha Philae kilitua juu ya kometi iitwayo 67P, vishikizo vyake vikashindwa kufanya kazi, nacho kikadunda. Kilikuwa na tungamo ya kilo 100 hivi, lakini pale uzito wake ulikuwa kama wa gramu moja hapa kwetu. Kilipanda hadi karibu kilomita moja na kikakaa karibu saa mbili kabla ya kugusa tena. Mguu wowote uliozoea Dunia ungefanya vivyo hivyo.

Mpaka hapa nimezungumzia dakika na saa. Miezi na miaka ni habari nyingine, na ndiyo inayonisumbua zaidi.

Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita 400 juu yetu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini. Wakazi wake wanaelea kwa sababu kituo na kila kilichomo kinaanguka pamoja daima kuizunguka Dunia. Kwa mwili hali hiyo ni sawa na sifuri, na mwili haudanganyiki. Mifupa ya nyonga inaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kwa mwezi bila mazoezi ya kutosha, na wakazi wa kituo hutumia karibu saa mbili kila siku kwenye mashine za kukimbilia na kunyanyulia ili kupunguza hasara hiyo. Valeri Polyakov, daktari wa Urusi, alikaa siku 437 mfululizo ndani ya kituo cha Mir hadi Machi 1995. Alipotua alitoka kwenye chombo akatembea mwenyewe hadi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Alitaka kuonyesha kwamba mtu anaweza kusafiri hadi Mirihi na bado akafanya kazi atakapofika. Kwangu zile hatua chache zina uzito mkubwa katika historia ya safari za anga, na hazitajwi inavyostahili.

Lakini hatua zile zilijibu swali la safari, hazikujibu swali la kuishi. Tunaujua mwili kwenye mvutano mzima, tunaujua kwenye sifuri, na katikati yake hatuna karibu chochote. Muda mrefu zaidi ambao binadamu amewahi kukaa kwenye mvutano wa sehemu ni saa 75 za Apollo 17. Asilimia 38 ya Mirihi inatosha kulinda mifupa? Inatosha kwa nusu? Hakuna aliyepima kwa mtu. Wajapani wamekuwa wakiwaweka panya ndani ya mashine ya kuzungusha kwenye Kibo, maabara yao iliyoko ndani ya Kituo cha Kimataifa, na matokeo waliyochapisha mwaka 2023 yanasema mvutano kama wa Mwezi ulizuia misuli ya mguu kusinyaa, lakini haukuzuia nyuzi zake kubadilika aina. Misuli ilibaki na ukubwa wake, ikawa misuli ya namna nyingine. Mvutano wa sehemu, basi, unaweza kuokoa jambo moja na kuliacha lingine, na tunahitaji kulipima kila moja peke yake.

Jaribio jingine ni la zamani kidogo na linahusu watoto. Mwaka 1998, katika safari ya siku 16 ya Neurolab ndani ya chombo cha Columbia, wanasayansi walipeleka panya wachanga waliokuwa katika umri wa kujifunza kutembea. Waliporudi walipimwa jinsi wanavyojigeuza kutoka mgongoni na kusimama kwa miguu. Walifanya hivyo kwa mbinu tofauti na wenzao waliokulia ardhini, na tofauti hiyo ilidumu miezi baada ya kurudi. Maana yake ni kwamba kuna dirisha la umri ambamo ubongo unajifunza mvutano wa mahali ulipo, na dirisha hilo likifungwa, somo linabaki.

Ndiyo maana kila ninaposoma mipango ya miji ya Mirihi yenye familia ndani yake, nauliza jambo moja. Mtu mzima anayekwenda huko anajua anachokiacha, na akipoteza mifupa na mwendo wake amechagua mwenyewe. Mtoto atakayepiga hatua yake ya kwanza kwenye asilimia 38 atajengewa ubongo, sikio, nyonga na moyo vya pale, na inawezekana asiweze kamwe kusimama kwenye Dunia walikotoka wazazi wake. Hakuna mamalia hata mmoja aliyewahi kutungwa, kuzaliwa na kukua nje ya mvutano wa Dunia. Mashine ya kuzungusha kwenye obiti, yenye nafasi ya kulea vizazi viwili vitatu vya panya kwa mvutano wa Mirihi, ni kazi ndogo sana ukiilinganisha na kupeleka watu. Ningependa ijengwe kwanza, na majibu yake yasomwe na wote wanaotaka kwenda, kabla ya yeyote kuzungumzia shule na viwanja vya michezo huko.